Bendera ya Tanzania kwenye meli za mafuta za Iran: uchambuzi wa kisa cha mwaka 2012

Mwishoni mwa Juni 2012, Rais Jakaya Kikwete aliandikiwa barua na Howard Berman, mbunge wa California ambaye wakati huo aliwaongoza wajumbe wa chama cha Democratic katika Kamati ya Mambo ya Nje ya Baraza la Wawakilishi la Marekani. Barua ilidai kwamba meli kadhaa za mafuta ghafi za kampuni ya taifa ya meli za mafuta ya Iran, inayofahamika kwa kifupi kama NITC, zilikuwa zimebadilishwa majina na kuandikishwa chini ya bendera ya Tanzania, na kwamba shabaha ilikuwa kuvikwepa vikwazo. Baada ya madai kilifuata kitisho kilichovikwa lugha ya adabu: iwapo meli hizo zingeachwa katika daftari la Tanzania, wabunge wa Marekani wasingekuwa na budi kufikiria upya kama miradi ya ushirikiano baina ya nchi hizi mbili iendelee.

Habari hiyo ilichukua nafasi magazetini kwa wiki chache, kisha ikapotea. Inafaa kurejewa kwa utulivu, kwa kuwa mabishano ya mataifa makubwa juu ya silaha za nyuklia kwa kawaida husimuliwa kutokea Vienna, Geneva na New York, na msomaji hubaki akidhani kwamba vikwazo hutekelezwa na wale waliovitunga. Kisa cha mwaka 2012 kinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia nchi ambazo hazikuketi mezani, na kwamba nchi hizo husukumwa kuitekeleza kwa nguvu isiyotokana na sheria ya kimataifa.

Tuanze na sababu iliyoifanya Iran ihitaji bendera ya mtu mwingine. Tangu Desemba 2006 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha mfululizo wa maazimio ya kuitaka Iran isitishe urutubishaji wa urani, kazi inayozaa mafuta ya vinu vya umeme lakini pia inaweza kuzaa malighafi ya bomu la nyuklia, na mengi ya maazimio hayo yaliongeza vikwazo juu ya vilivyotangulia. Kali kuliko yote lilikuwa azimio namba 1929 la tarehe 9 Juni 2010, lililopitishwa kwa kura 12 za ndiyo, huku Brazil na Uturuki zikipinga na Lebanon ikijizuia kupiga kura. Azimio hilo lilibana biashara ya silaha, lilitaka mizigo inayoshukiwa ikaguliwe na lilizitaka nchi ziwe macho na mabenki ya Iran. Halikugusa uuzaji wa mafuta ghafi. China na Urusi, zenye kura ya turufu, zisingekubali, na China yenyewe ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mafuta hayo.

Kilichokosekana New York kilitafutwa kwingine. Siku ya mwisho ya mwaka 2011 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoziadhibu benki za kigeni zitakazopitisha malipo ya mafuta kupitia Benki Kuu ya Iran. Januari 2012 Umoja wa Ulaya uliamua kuacha kununua mafuta ya Iran, na uamuzi huo ukaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai. Machi mwaka huohuo benki za Iran zilizowekewa vikwazo na Ulaya zilikatiwa mtandao wa SWIFT, unaotumiwa na mabenki ya dunia kupelekeana maelekezo ya malipo. Sehemu ya vikwazo vya Ulaya iliyozungumzwa kidogo lakini ikauma zaidi ilikuwa ile ya bima. Meli kubwa ya mafuta haiingii bandari yoyote inayojiheshimu bila bima ya kufidia uchafuzi na ajali, na bima hiyo hutolewa na vyama vichache vya wenye meli, vingi vyao vikiwa London na miji mingine ya Ulaya, vinavyohudumia zaidi ya asilimia 90 ya meli za mafuta duniani. Ulaya ilipovikataza kugusa mafuta ya Iran, Japani ililazimika kutunga sheria ya haraka Juni 2012 ili serikali yenyewe iwe mdhamini wa hadi dola bilioni 7.6 kwa kila meli, ndipo iweze kuendelea kununua.

Meli nyingi za NITC zilikuwa zikipeperusha bendera za Malta na Cyprus, nchi mbili ndogo zenye madaftari makubwa ya meli na, kwa bahati mbaya ya Iran, wanachama wa Umoja wa Ulaya. Bendera hizo ilibidi ziteremshwe. Ndipo zikatafutwa nyingine, na zilizopatikana zilikuwa ya Tuvalu, nchi ya visiwa katika Pasifiki ambayo daftari lake la meli liliendeshwa kutokea Singapore, na ya Tanzania, kwa njia ya daftari la Zanzibar lililotegemea wakala aliyeko Dubai.

Hapa inafaa kueleza daftari la meli hufanya nini, maana jambo hili huchukuliwa kama karatasi tu. Meli isiyo na bendera haina taifa. Dola yoyote inaweza kuisimamisha baharini na kuikagua. Nchi inayotoa bendera ndiyo yenye mamlaka juu ya meli hiyo inapokuwa katika bahari kuu, na ndiyo inayotakiwa kuhakikisha usalama wake, sifa za mabaharia wake na mwenendo wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unadai kuwepo uhusiano wa kweli baina ya meli na nchi ya bendera, ingawa haukufafanua uhusiano huo uweje, na kutokana na ufa huo biashara nzima ya bendera za kukodi imestawi kwa miongo mingi. Panama na Liberia zimeneemeka nayo. Zanzibar ilitaka kipande chake.

Meli kubwa ya NITC hubeba takriban mapipa milioni 2 na urefu wake hupita mita 300. Kwenye tezi huandikwa jina la meli, na chini ya jina, bandari ya usajili. Kwa hiyo katika mwaka 2012 zilikuwepo baharini meli zenye neno Zanzibar kwenye tezi, ambazo hazikuwahi kuiona bandari ya Malindi, Unguja, wala zisingeweza kufunga gati pale hata kama manahodha wao wangetaka, kwa kuwa kina cha maji hakiziruhusu. Maandishi hayo hupakwa rangi na kuandikwa upya bila taabu. Kisichofutika ni namba ya tarakimu 7 ambayo meli hupewa chini ya utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), ikachongwa kwenye bodi lake na kubaki nayo tangu inapoundwa hadi inapokatwa vyuma chakavu. Jina, mmiliki na bendera vyote hubadilika, namba haibadiliki. Mtu akiiingiza katika hifadhidata ya wazi kama Equasis, ambayo haitozi ada, huona meli ilikuwa ikiitwa nani na ilisimamiwa na kampuni gani. Kwa maneno mengine, swali ambalo Berman aliliuliza kwa barua rasmi lingeweza kujibiwa na karani mmoja kabla ya chakula cha mchana, ilimradi aliyempa kazi alitaka lijibiwe.

Maelezo ya mwanzo yaliyotoka Zanzibar yalikuwa ya kukanusha: meli zilizotajwa hazikutoka Iran, zilikotoka ni Malta na Cyprus. Kwa upande wa makaratasi kauli hiyo ilikuwa sahihi, na ndiyo maana haikuwa na thamani. Ilijibu meli ilihama kutoka daftari gani, wakati kilichoulizwa ni nani mwenyewe. Serikali ya Muungano kwa upande wake ilisema itachunguza, na ikaziomba Marekani na Ulaya zisaidie kubaini asili ya meli hizo. Agosti 2012 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alithibitisha kwamba meli 36 zenye asili ya Iran zilikuwa zimepewa bendera ya Tanzania, kwamba wakala wa Dubai ndiye aliyezisajili bila mamlaka husika kufahamu, kwamba mkataba wake umevunjwa, na kwamba meli zinafutwa katika daftari.

Ili kuelewa jinsi meli 36 zinavyoweza kupita bila Dodoma wala Dar es Salaam kushtuka, ni lazima kutazama muundo wa Muungano. Mambo ya nje ni ya Muungano. Usafiri wa baharini si wa Muungano. Tanzania Bara ina daftari lake, na Zanzibar, kwa sheria yake ya usafiri wa baharini ya mwaka 2006, ina lake, ambalo lilifungua mlango kwa meli za kigeni. Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar ndiyo iliyolisimamia. Bendera inayotolewa, hata hivyo, ni moja, ya kijani, nyeusi, bluu na manjano, na taifa linaloulizwa meli ikikamatwa ni moja. Hivyo aliyewajibika mbele ya dunia hakuwa na daftari mkononi, na aliyekuwa na daftari hakuwa na wajibu wa kujibu barua za Washington. Katikati yao alikaa wakala wa kibiashara katika nchi ya tatu, anayelipwa kwa kila meli anayoiandikisha. Sioni haja ya kumtafuta mtu mmoja wa kumtwisha lawama; mpangilio wenyewe ulitosha.

Mamlaka hiyohiyo, tukumbuke, ilikuwa katika kipindi kigumu kwa sababu nyingine kabisa. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba na kuua mamia ya watu. Tarehe 18 Julai 2012, wakati suala la meli za Iran likiendelea, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam, na waziri wa Zanzibar aliyehusika na miundombinu na mawasiliano akajiuzulu. Katika mazingira hayo, mabishano juu ya nani mmiliki wa meli iliyoko Ghuba ya Uajemi hayakuwa jambo la kumkosesha mwananchi wa Unguja usingizi, na ni haki yake. Lakini inafikirisha kwamba chombo ambacho kilikuwa hakijaweza kuvidhibiti vyombo vya abiria vinavyoonekana kwa macho kutoka Forodhani kilikuwa kimejitwika dhamana ya meli za mafuta zinazozunguka nusu ya dunia.

Je, Tanzania ilivunja sheria? Swali hili lilipitwa haraka mno wakati ule, na jibu lake linabadilisha sura ya kisa kizima. Maazimio ya Baraza la Usalama, ambayo kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa hufungwa nayo, hayakukataza kununua, kuuza wala kusafirisha mafuta ghafi ya Iran. Utangulizi wa azimio 1929 uligusia uwezekano wa mapato ya nishati ya Iran kugharamia shughuli za nyuklia zilizokatazwa, lakini kugusia si kukataza. Marufuku ya mafuta ilikuwa ya Ulaya kwa Waulaya na ya Marekani kwa wanaotaka kufanya biashara na Marekani. Tanzania haikuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya wala jimbo la Marekani. Unaweza kuilaumu kwa kutoa bendera bila kumjua anayepewa, na hilo ni kosa dhidi ya wajibu wa nchi ya bendera. Lakini kusema kwamba ilikiuka vikwazo vya Umoja wa Mataifa kwa kuzisajili meli za mafuta ni kusema jambo ambalo maandishi ya maazimio hayalibebi.

Tazama pia tarehe. Tarehe 28 Juni 2012, katika siku zilezile ambazo barua ya Berman ilikuwa ikiandikwa, serikali ya Marekani iliitangazia China msamaha wa miezi 6 kutoka kwenye adhabu za ile sheria ya Desemba, kwa hoja kwamba ilikuwa imepunguza ununuzi wake wa mafuta ya Iran. Japani, India, Korea Kusini na Uturuki zilikuwa zimekwisha kupata misamaha ya aina hiyo. Sheria iliwekewa mlango huo kwa makusudi, kwani hakuna aliyekuwa tayari kuipiga faini benki kubwa ya China na kutikisa biashara ya dunia. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa shehena alisamehewa, na mwenye bendera iliyopepea juu ya shehena hiyohiyo akatishiwa. Huu haukuwa unafiki wa mtu mmoja, maana Bunge na Ikulu ya Marekani ni mihimili tofauti. Ulikuwa utaratibu: shinikizo huelekezwa mahali ambapo gharama ya kulitoa ni ndogo.

Na kwa Tanzania gharama ya kukataa ilikuwa kubwa. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuwa ametia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698 kwa ajili ya barabara, umeme na maji, ukiwemo waya mpya wa umeme chini ya bahari kwenda Unguja. Ada za kusajili meli 36 hazikaribii kiasi hicho hata kwa mbali. Mtu yeyote mwenye kikokotoo angefikia uamuzi uleule wa Membe, na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi, ila tusiuite utii kwa sheria ya kimataifa. Miaka 4 baadaye, Machi 2016, shirika la Marekani lililotoa fedha hizo lilisimamisha awamu ya pili ya mkataba, ya dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar. Safari hiyo kamba ilivutwa kweli.

Jambo moja halikujulikana wakati ule kwa Kikwete, kwa Membe, wala kwa hadhira ya Marekani. Mapema Julai 2012, juma lilelile ambalo vikwazo vya mafuta vya Ulaya vilianza kutumika, maafisa wawili wa Marekani, Jake Sullivan na Puneet Talwar, walisafiri kimyakimya hadi Maskati kukutana na Wairani chini ya uenyeji wa Sultani Qaboos wa Oman. Sultani alikuwa tayari amejijengea imani ya pande zote kwa kusaidia kuachiliwa kwa Wamarekani 3 waliokuwa wamekamatwa mpakani mwa Iran mwaka 2009. Mkutano wa kwanza haukuzaa kitu. Machi 2013 Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, William Burns, alikwenda Oman na ujumbe mzito zaidi, na baada ya Hassan Rouhani kuchaguliwa rais Juni mwaka huo mazungumzo yakashika kasi, hadi makubaliano ya muda yaliyofikiwa Geneva tarehe 24 Novemba 2013 na mkataba kamili wa Vienna tarehe 14 Julai 2015. Kwa hiyo bahari hiihii ya Hindi ilikuwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja: upande wa Dar es Salaam kukazwa kwa kamba mbele ya watu, na upande wa Maskati, mji ambao Kiswahili bado husikika katika nyumba nyingi, kupimwa kama kamba imetosha kukazwa.

Kufutwa kwa meli 36 kulichangia kiasi gani katika hayo? Kidogo, nadhani. Meli zilizotolewa Zanzibar hazikuacha kusafiri. Nyingi zilirejea hatimaye katika bendera ya Iran yenyewe, na nyingine zilizima vifaa vya kujitambulisha na kuelea baharini zikiwa maghala. Tarehe 12 Julai 2012 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja NITC kuwa mali ya serikali ya Iran na kuorodhesha makumi ya meli zake kwa zile namba zisizofutika, na tangu hapo kubadili jina au bendera kulipoteza faida yake kubwa. Kilichoishusha Iran kilikuwa bima na malipo. Mauzo yake ya mafuta yalianguka kutoka takriban mapipa milioni 2.5 kwa siku mwaka 2011 hadi kama milioni 1.5 mwaka 2012 na milioni 1.1 mwaka 2013, na sarafu yake ikaporomoka. Hata hivyo mashine za kurutubisha urani ziliendelea kuongezeka katika kipindi hichohicho cha maumivu. Vikwazo viliileta Iran mezani, lakini mashine zilipunguzwa na mkataba, uliozishusha zinazofanya kazi hadi 5,060 pale Natanz na kuweka kikomo cha kilo 300 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 3.67.

Mei 2018 Rais Donald Trump aliitoa Marekani katika mkataba huo, na mchezo wa bendera ukaanza upya kwa wachezaji wengine. Panama ilizifuta meli za Iran katika daftari lake mwaka 2019. Moja kati ya hizo, Grace 1, ilikamatwa Gibraltar mwezi Julai, ikaachiliwa Agosti, na ikaondoka ikiwa imeandikwa Adrian Darya 1 na kupandishwa bendera ya Iran.

Kwa Tanzania, somo la 2012 halikuingia daftarini kwa kina. Kuvunja mkataba wa wakala mmoja hakukuondoa mfumo wa uwakala. Januari 2018, baada ya meli moja yenye bendera ya Tanzania kukamatwa na kokeini karibu na Jamhuri ya Dominika na nyingine, Andromeda, kukamatwa na Ugiriki ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko vilivyokuwa vikipelekwa Libya, Rais John Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usitishwe na meli 470 zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Januari 2019, meli mbili za gesi, Maestro na Candy, zilishika moto katika mlango bahari wa Kerch zilipokuwa zikihamishiana shehena, na mabaharia kadhaa wakafa. Zilihusishwa na usafirishaji wa gesi kwenda Syria kinyume na vikwazo vya Marekani. Zote mbili zilikuwa na bendera ya Tanzania.